Mwisho wa Reli, Unanipata?

Shangazi yangu hakupata kupokea simu akiwa amejiegemeza. Hata awe amelala, hata awe na mikono iliyojaa unga, simu ikilia aliweka chini alichoshika, akaketi wima kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu, akavuta kitambaa cha kichwani kikae sawa, akakohoa kidogo kusafisha koo, ndipo akapokea.

"Haloo, nakusikiliza, sema."

Maneno hayo hayo, kwa sauti laini iliyonyooka ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote. Ya kukemea kuku waliopanda juu ya meza ilikuwa nyingine kabisa. Mtaani walimwita Bi Haloo, na aliitika.

Simu za kisasa zilipoingia nyumbani, zile zinazoonyesha jina na picha ya anayepiga, tulidhani mambo hayo yatakwisha. Wapi!

"Haloo, nakusikiliza, sema. Nani mwenzangu?"

"Ah, shangazi, si umeona jina langu hapo?"

"Jina nimeliona. Mtu bado sijamsikia."

Alikuwa dada mkubwa wa baba, na ujana wake wote aliumaliza akiwa opereta wa simu katika makao makuu ya shirika la reli. Sikukiona chumba kile kikiwa kazini, lakini alikieleza mara nyingi hata ningeweza kukifagia gizani: dirisha moja lililotazama ukuta, feni iliyogeuka upande mmoja tu, na ubao mrefu uliojaa matundu. Kitaa kikiwaka juu ya tundu, mtu anaita. Unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unachomeka waya wa pili, watu wawili wanakutana. "Kazi yangu ilikuwa ushonaji," alipenda kusema, "ila nilikuwa nashona watu."

Kila stesheni kubwa ilikuwa na opereta wake, na sheria ilikuwa moja: hakuna kutajana majina. Msimamizi alitembea nyuma ya viti vyao na viatu vinavyolia, na aliyesikika akipiga soga alihamishiwa stoo. Lakini kuna saa ambazo viatu vilikwenda kunywa chai. Saa hizo shangazi alichomeka waya kwenye tundu la pembeni kabisa, tundu la stesheni ya mwisho, na huko mwanamke mmoja alijibu. Shangazi alimwita Mwisho wa Reli. Yeye alimwita shangazi Makao Makuu. Hawakuwa na majina mengine, na hawakupata kuonana hata siku moja.

Waliambiana kila kitu. Namna ya kumtuliza mtoto mwenye tumbo la kunyonga. Namna ya kutoa doa la wino kwenye gauni jeupe. Mwisho wa Reli alijua kwamba shangazi atakataa posa kabla babu yetu hajajua, na yeye alipojifungua, mtoto alilazwa kwenye kikapu chini ya ubao wa simu, shangazi akawa anasikia vilio vyake kutoka mbali na kusema, "Huyo ana njaa, mshike, nitawasubirisha wakubwa."

Kisha ukaletwa mtambo unaojiunganisha wenyewe. Wanawake wa chumba kile waliambiwa asubuhi moja wavue vifaa vya masikioni na waende kwa karani. Shangazi alibaki nyuma kidogo, akachomeka waya kwenye lile tundu la pembeni ili aage. Mtambo ulikuwa umeshawatangulia.

"Nikasema haloo, nikasikia kimya," aliniambia. "Na kimya cha laini iliyokatwa si kama kimya kingine, mwanangu. Hakina chumba ndani yake."

Alilisimulia hilo kama mtu anavyosimulia mvua ya zamani, na sote tulilichukulia hivyo, mpaka siku niliyompeleka kwa daktari wa masikio. Alikuwa ameanza kujibu maswali ambayo hatukuuliza. Daktari alimpima, akanigeukia mimi, shangazi akamgonga mkononi. "Niambie mwenyewe. Masikio ni yangu."

Daktari akamwambia. La kushoto limeshaondoka. La kulia bado linajitahidi, lakini njia yao ni moja. Kuna kifaa, kitasaidia kwa muda.

Tulifika kwenye ngazi za kutokea. Hapo alisimama, watu wakawa wanatupita.

"Nyinyi nitawatambua hata nikiwa kiziwi," alisema. "Nitawaona. Lakini yule sijui uso wake wala jina lake. Nilichonacho ni sauti. Masikio haya yakizima, hata aje akae kwenye kochi langu, nitamwambia, karibu mgeni. Nataka nimpate kabla."

Hakuwa mtu wa kusema nataka. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani, nikamweleza kaka yangu, ambaye ni fundi simu na mtaani humwita Chaji.

"Hilo nalo tatizo?" akasema Chaji, akagonga kioo cha simu yake kwa ukucha. "Dunia nzima imo humu. Nipeni mpaka jioni."

Alichagua picha nzuri ya shangazi, ile ya gauni la kijani. Chini yake akaandika kwamba bibi huyu anamtafuta rafiki yake wa zamani, opereta wa reli aliyejulikana kama Mwisho wa Reli, na anayemjua atoe taarifa. Akairusha kwenye kundi la familia na kutuomba sote tuisambaze.

Tulisambaza. Kutoka kundi la familia ikaenda kundi la wapangaji, kutoka kwa wapangaji ikaenda kwa wazazi wa shule, na huko kila mtu aliigusa kidogo kwa nia njema. Mmoja aliona maelezo ni marefu, akayakata. Mwingine akaweka maandishi makubwa mekundu: BIBI HUYU ANATAFUTWA. Binamu yetu mwenye huruma akaongeza kwamba ana shida ya kusikia. Mtu tusiyemjua hata leo akamalizia: huenda asikumbuke jina lake.

Shangazi, ambaye hakuwa na habari, alichukua kikapu akaenda soko kuu kununua nyama. Haya yaliyofuata alinisimulia yeye, na baadaye mwenye bucha, na hawakupishana sana.

"Karibu mama, karibu ukae," alisema mwenye bucha, akiwa ameshika kisu mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Sikuja kukaa. Nipe nusu kilo, na mifupa baki nayo."

"Utapata mama, kaa kwanza. Kwani unaitwa nani?"

Hapo ile sheria ya zamani ikaamka. Shangazi hakuwa mtu wa kutoa jina hovyo. "La nini? Unamwandikia ng'ombe barua ya rambirambi?"

Mwenye bucha alimgeukia muuza vitunguu wa jirani, akapaza sauti kama watu wanavyofanya mbele ya asiyesikia vizuri. "Hakumbuki jina! Ndiye!"

Muuza vitunguu akaja mbio, akamshika shangazi kiwiko kwa upendo mkubwa. Kikapu kikachukuliwa. Kiti kikaletwa, na soda, na mwanamke mmoja akaanza kumpepea kwa kipande cha boksi huku akimwambia polepole, neno moja moja: "Usiogope, mama. Ndugu. Zako. Wanakupenda."

Simu yangu ililia nikiwa kazini. Sauti ilikuwa ile iliyonyooka.

"Haloo. Njoo soko kuu, upande wa bucha, unichukue. Nimepatikana."

Nilimpitia Chaji kwenye kibanda chake. Tulimkuta shangazi amezungukwa na umati, ameketi wima na soda yake, kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Mwenye bucha hakutaka kumtoa bila uthibitisho. Siku hizi kuna matapeli, alisema, na sikuweza kumlaumu.

"Mimi ni mtoto wa kaka yake," Chaji akasema. "Muulize mwenyewe."

Shangazi akamtazama Chaji kuanzia kandambili mpaka kofia. "Huyu dada namjua," akasema, akininyooshea kidole. "Lakini huyu kijana wa suruali ya kubana sijapata kumwona maishani."

"Shangazi!"

"Wanaoniita shangazi ni wengi."

Walimzuia Chaji nusura wampeleke kwa mlinzi wa soko, mpaka shangazi mwenyewe aliposhindwa kujizuia, soda ikamtoka puani kwa kicheko. Nyama tulipewa, na nyongeza juu. Njia nzima tulicheka, na kila tuliponyamaza mmoja alisema "nimepatikana" tukaanza upya. Nilikuwa sijacheka hivyo siku nyingi, na nakumbuka niliogopa kidogo, kama mtu anayechota maji mengi kuliko ndoo yake.

Nyumbani shangazi alivua viatu, akaketi.

"Mmeutuma uso wangu," alisema. "Mwisho wa Reli ataujuaje uso wangu? Hata angeniona kwenye kioo chake angesema, masikini, bibi wa watu kapotea. Leteni hiyo simu. Nionyesheni pa kubonyeza."

Chaji akamwonyesha palipochorwa kinasa sauti. Shangazi akaketi sawasawa, akakohoa, akabonyeza.

"Makao Makuu hapa. Makao Makuu namwita Mwisho wa Reli. Mwisho wa Reli, unanipata? Laini leo ni nzuri. Makao Makuu hapa. Unanipata?"

Hakueleza zaidi, na tulipomwomba aongeze maelezo alikataa. Anayehusika ataelewa, alisema.

Tuliituma hivyo. Sijui sauti ile ilikuwa na nini. Labda ni kwamba katika vyombo vyetu hivi, ambamo kila mtu anasema na wachache wanaita, watu walikuwa hawajasikia siku nyingi mtu akiitwa kwa subira namna ile. Ilienda. Vijana waliitia ngoma chini yake. Nilipita dukani nikasikia simu ya mteja ikilia, "Mwisho wa Reli, unanipata?", mteja akajibu, "Nakupata, bosi, nipo dukani." Watoto wakaigeuza mchezo wa uani.

Majibu yakaanza kumiminika kwenye simu ya Chaji, na kila jioni shangazi aliweka sikio la kulia akayasikiliza yote. Kulikuwa na mwanamume aliyebana sauti puani. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kweli alikuwa opereta, ila wa benki, wakaongea vizuri kuhusu maumivu ya shingo.

"Siye," alisema shangazi. "Siye. Huyu ana mafua, lakini hata akipona siye. Huyu mwongo, ila sauti anayo, mwambieni akasome taarifa redioni."

Siku zikawa zinakwenda. Alianza kuomba nirudie ujumbe, kisha niongeze sauti, kisha niongeze tena na sauti ilikuwa imefika mwisho. Asubuhi moja tukiwa uani aliniuliza wale ndege wa kwenye waya wa umeme walihama lini. Nilitazama juu. Walikuwa pale, wanapiga kelele kama kawaida yao. Nikamwambia sijui, shangazi, labda juzi.

Ujumbe ulikuja mchana, kutoka namba ngeni. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa makamo, mkazamwana katika nyumba ya mbali. Alisema alikuwa anaanika nguo huku simu yake ikicheza ule wimbo wa bibi wa reli, ule wenye ngoma. Mama mkwe wake, ambaye simu hizi hataki hata kuzigusa kwa kuwa zinawakatisha watu maneno, alikuwa ameketi mlangoni anamenya maharage. Bila kuinua kichwa akasema kitu. "Nilidhani mama kachanganyikiwa," aliandika yule mkazamwana. "Nikamwomba arudie, nikamrekodi. Msikilizeni wenyewe."

Nilimpelekea shangazi simu. Akafuta mikono, akaketi, akavuta kitambaa. Nikabonyeza, nikaiweka kwenye sikio la kulia.

"Simamisha," alisema mara moja.

"Shangazi, hata hajasema kitu."

"Amevuta pumzi. Anavuta pumzi kama mtu anayejitwisha ndoo, kisha ndipo anasema. Ndiye huyo." Alifunika mdomo kwa kiganja. Macho yalikuwa yamemjaa, nayo yanacheka. "Haya. Sasa mwache aseme."

"Nakupata, Makao Makuu," ilisema sauti ya kikongwe, nzito, yenye mchanga kidogo. "Nakupata vizuri. Sema."

Tulimpigia pale pale. Mimi nilishika simu, yeye akashika mkono wangu ulioshika simu.

"Mwisho wa Reli."

"Makao Makuu. Umechelewa."

"Laini ilikuwa mbovu."

"Miaka yote hiyo?"

"Wewe je? Ulikuwa huna vidole, usiniite?"

"Nikuite wapi? Siku ile nilichomeka waya nikuage, nikakuta kimya. Nikasema basi, Makao Makuu kapandishwa cheo, hataki tena kusema na watu wa mwisho."

"Na mimi nilichomeka," akasema shangazi.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Nikakuta kimya."

Nilizisikia pumzi zao, moja huku na moja kule. Kisha Mwisho wa Reli akajitwisha ndoo yake.

"Basi tulikuwa wote laini moja, mtambo ndio ulikuwa kiziwi."

Walicheka mpaka wakakohoa. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia.

"Yule mtoto wa kikapuni?"

"Ana ndevu! Ndiye mume wa huyu mwenye simu. Na yule mchumba wako, aliyevaa tai?"

"Alioa kwingine, wakatupiana vyombo. Si nilikwambia ana sauti ya uongo?"

"Ulinambia? Mimi ndiye niliyekwambia! Ulimchomeka kwangu nimsikilize, nikakuambia huyo anameza mate kabla ya kusema nakupenda."

Mimi na Chaji tulitazamana. Ndivyo posa ya shangazi ilivyokufa, na baba yetu alikwenda kaburini akiamini ilikuwa suala la tabia. Kule upande wa pili yule mkazamwana naye akashindwa kuvumilia.

"Mama, si muulizane basi majina!"

"We, nyamaza!" akasema Mwisho wa Reli. "Msimamizi atasikia."

Na shangazi, huku anafuta machozi: "Ya nini saa hizi? Tusije tukaanza kuwa wageni."

Walipoagana lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Walisema kwaheri, kila mmoja, vizuri kabisa, na simu haikukatwa. Opereta, shangazi alinieleza baadaye, hachomoi waya mpaka wenye maongezi wote wawili wameweka chini. Sasa wote wawili walikuwa opereta, na wote wawili wanasubiri. Tulisikia kuku wa kule, nao nadhani walisikia wa kwetu.

"Umekwenda?" akauliza shangazi.

"Bado. Wewe je?"

"Nakungoja wewe."

Wakaanza mazungumzo mengine. Kilichowatenganisha ni betri kuisha.

Chaji, akiwa na kiherehere chake, aliwaunganisha kwa picha, waonane. Ilikuwa hasara tupu. "Kumbe mwembamba hivyo!" akasema Mwisho wa Reli. "Mimi nilikuweka mnene." Shangazi akasema yeye alimpa mwenzake mwanya kwenye meno, ameupeleka wapi? Walitazamana kwa adabu, kama wakwe, maneno yakawaishia. Mwisho wakakubaliana kulaza simu chali. Tangu hapo, ukipita chumbani kwa shangazi ungeona kwenye kioo dari ya bati ya watu wa mbali na mjusi mmoja, na sauti mbili zikienda bila breki.

Wiki zikawa miezi, na miezi ikapita. Sikio liliendelea kwenda. Sisi tulianza kumwandikia kwenye vipande vya karatasi, na yeye alituonea huruma. Lakini sauti ya Mwisho wa Reli aliisikia. Yule bibi alijifunza kusema karibu na simu, taratibu, bila kupiga kelele, na daktari alipoulizwa aliinua mabega. Shangazi hakuona ajabu. "Sauti yake ina njia yake humu ndani," alisema. "Haipiti mnapopita nyinyi."

Hawakupata kusafiri wakaonana. Goti la mmoja, kisha moyo wa mwingine. Nilipomuuliza kama anasikitika, alinitazama kwa mshangao, akaniuliza kwani walikuwa hawajaonana?

Alifariki kipindi cha mvua, usingizini, na lile sikio la kulia likiwa bado na punje yake ya uhai. Jioni ya kabla ya hapo nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, simu imebanwa chini ya kitambaa cha kichwa, na uso wake umejaa habari ya mtu mwingine. Nikaweka kikombe mezani. Nikamgusa bega, nikamwonyesha chai, nikafungua mdomo nimwambie itapoa.

Akainua kidole kimoja.

"Subiri kidogo, mwanangu. Laini ina mtu."